Elbo ya shaba inayovuja kila ukiilehemu
Ndugu, umesema elbo ya nusu inchi (kiungo cha kona cha bomba) inavuja kila ukiilehemu, ingawa umefunga maji kwenye mita. Nashuku kuna maji yaliyobaki ndani ya bomba. Yakiwemo, joto la kiungo halipandi sana juu ya nyuzi 100 za Selsiasi, na bati la kulehemu lisilo na madini ya risasi linataka zaidi ya 200 ili liyeyuke. Fungua koki ya chini kabisa, yamwagike yote. Weka elbo mpya. Sugua ncha ya bomba na ndani ya elbo kwa msasa mpaka zing'ae, kisha paka flaksi, dawa inayosaidia bati kushika shaba. Moto uelekeze kwenye elbo, bati uligusishe upande wa pili: likiyeyuka lenyewe, litavutwa ndani mzunguko mzima. Na tafadhali, bati lenye risasi lisikaribie maji ya kunywa.