Kasti ya kromu isiyorudi motoni huliwa na mchanga

Kama una pampu ya kuvuta mchanga huku Pwani, nakuomba unisikilize kabla hujamlipa fundi wa kusubu vyuma.

Karakana yetu iko Changamwe. Mwaka juzi tulisubisha impela, lile gurudumu la mapanga linalozunguka ndani ya pampu. Ilikuwa ya kasti, yaani chuma cha kusubu, yenye kromu asilimia 27. Ilipoletwa nikapitisha tupa, ikateleza. Nikaridhika, nikaifunga. Haikumaliza mwezi. Nilipoifungua, ncha za mapanga yake zilikuwa nyembamba kama ganda la kitunguu, na mchanga ulikuwa umechimba mifereji hadi kwenye kitovu.

Tupa ilinidanganya. Ndani ya kasti hii mna chembe ngumu sana za kabidi ya kromu, yaani kromu iliyoungana na kaboni, na hizo ndizo zilizoikataa tupa. Lakini zimeshikwa na chuma kilichozizunguka, mithili ya kokoto ndani ya zege. Kasti ikitoka kwenye kalibu, chuma hicho kwa sehemu kubwa huwa katika hali iitwayo austeniti, laini bado. Mchanga huanza kula pale palipo laini, kabidi zikakosa pa kujishika, zikang'oka.

Dawa ni kuirudisha motoni. Joto hupandishwa polepole, hasa hadi nyuzi 650, maana kasti hii ukiiharakisha hupasuka. Kisha hufikishwa karibu nyuzi 1000 za Selsiasi, ikakaa humo saa kadhaa. Hapo kaboni na kromu iliyonaswa ndani ya austeniti hutoka na kufanya kabidi nyingine ndogondogo, na chuma kilichobaki, kikipoa, hugeuka martensiti, ambayo ni ngumu. Ipozwe kwa upepo wa feni. Maji usiyasogeze kabisa! Mwisho hupashwa tena kwa nyuzi 200 na ushei ili mkazo upungue. Ugumu uliokuwa kama 50 kwa kipimo cha Rockwell C huvuka 60.

Kazi ya lethi na kutoboa mashimo imalizwe kabla ya kuirudisha motoni. Baada ya hapo ni jiwe la grinda tu.

Siku hizi natembea na sumaku mfukoni. Austeniti haivutwi na sumaku, martensiti huvutwa. Kwenye impela mbichi sumaku hushika kinyonge, ukiisukuma kwa kidole inateleza. Kwenye iliyopikwa hung'ang'ania hadi niing'oe kwa nguvu. Ile mbichi nairudisha kwa msubuji siku hiyo hiyo, hata kama mteja yuko getini ananingoja.