Kiburi ndicho kilichomtoa de Gaulle

Mhariri,

Wiki hii mmetuuliza: mwanajeshi akishaingia Ikulu, ni nini humtoa? Najua wasomaji wenzangu wengi watajibu risasi, mapinduzi mengine au jeneza, na kwa historia ya bara letu hakuna wa kuwalaumu. Mimi namleta jenerali wa Kifaransa, Charles de Gaulle, aliyeondoka madarakani mara mbili kwa miguu yake mwenyewe. Ila msitarajie nimpambe kuwa mtu mnyenyekevu. Yule bwana alijaa kiburi kutoka kisogo hadi kisigino, na kwa maoni yangu kiburi hichohicho ndicho kilichomtoa.

Alizaliwa Lille mwaka 1890, mtoto wa mwalimu. Alipohitimu chuo cha kijeshi cha Saint-Cyr alipangwa katika kikosi cha 33 cha askari wa miguu kule Arras, chini ya kanali aliyeitwa Philippe Pétain. Jina hilo lishikeni, litarudi. Vita Kuu ya Kwanza ilimjeruhi zaidi ya mara moja, kisha Machi 1916 akatekwa na Wajerumani huko Verdun. Alijaribu kutoroka mara 5, na mara zote wakamrudisha. Mtu anayekaribia urefu wa mita 2 hajifichi kirahisi barabarani.

Mwaka 1934 alitoa kitabu akiwataka wakubwa wake waunde jeshi la vifaru lenye askari wa kazi ya kudumu, badala ya kutegemea ngome na handaki. Hawakumsikiliza. Mei 1940 Wajerumani wakaingia Ufaransa kwa vifaru, kwa namna ileile aliyokuwa akiihubiri. Alipandishwa kuwa brigedia jenerali wa muda, akawa naibu waziri wa ulinzi kwa siku chache tu, kisha serikali ikaanguka mikononi mwa Pétain, sasa mzee wa miaka 84, ambaye tarehe 17 Juni alitangaza kuwa ataomba vita visimame. Siku hiyohiyo de Gaulle alipanda ndege kutoka Bordeaux hadi London, na kesho yake akazungumza kwenye redio ya BBC akiwataka Wafaransa waendelee kupigana. Waliomsikia walikuwa wachache. Waliomfuata mwanzoni walikuwa wachache zaidi.

Agosti 1940 mahakama ya kijeshi ya Ufaransa ilimhukumu kifo bila yeye kuwapo. Mwaka 1945 meza ilipinduka: Pétain alihukumiwa kifo, na de Gaulle, akiwa mkuu wa serikali ya muda, akaibadilisha adhabu kuwa kifungo cha maisha. Maofisa wawili wa kikosi kimoja, wote walifika juu kabisa, na kila mmoja alihukumiwa kifo chini ya serikali ya mwenzake. Tofauti yao naiona hapa: Pétain alipewa mamlaka yote nchi ikiwa imepigwa chini, akayapokea na kuyang'ang'ania hadi utawala wake ulipoanguka mwaka 1944.

Nasi Waafrika tumo ndani ya hadithi hii. Félix Éboué, gavana wa Chad, mweusi mzaliwa wa Guyana ya Ufaransa, alijiunga na de Gaulle mwezi uleule wa Agosti 1940, na makoloni mengine ya ukanda huo yakafuata ndani ya siku chache. Brazzaville ikawa makao makuu barani ya Ufaransa Huru, yaani kundi la de Gaulle. Bila Afrika, de Gaulle angebaki mkimbizi mwenye maikrofoni.

Tarehe 20 Januari 1946 aliachia ngazi kwa mara ya kwanza. Hakuna aliyemfukuza. Vyama vilitaka bunge liwe na nguvu kuliko serikali, yeye hakutaka kuongoza kwa kuombaomba kura za wabunge kila asubuhi. Nadhani aliamini wangemwita baada ya wiki chache. Walimwacha akae miaka 12.

Kurudi kwake mwaka 1958 hakukuwa safi, na anayemsifu de Gaulle bila kulisema hilo anadanganya. Tarehe 13 Mei walowezi na wanajeshi wa Kifaransa waliteka madaraka Algiers, mji mkuu wa Algeria iliyokuwa chini ya Ufaransa, siku chache baadaye askari wa miavuli wakakishika kisiwa cha Ufaransa cha Corsica, na Paris nzima ilijua kwamba zamu yake inafuata. De Gaulle hakuwatuma. Lakini hakuwakemea pia. Kwenye mkutano na waandishi wa habari aliuliza kama kweli watu wanadhani kwamba akiwa na miaka 67 ataanza kazi ya udikteta. Bunge lilimpitisha tarehe 1 Juni kwa kura 329 dhidi ya 224. Kura zilikuwa halali, ila nje ya mlango walisimama wenye bunduki.

Hao wenye bunduki walidhani wamemleta mtu wao. Miaka 3 baadaye walipogundua kwamba anaelekea kuipa Algeria uhuru, majenerali wanne waliasi: Challe, Salan, Jouhaud na Zeller. Usiku wa tarehe 23 Aprili 1961 de Gaulle alitokea kwenye televisheni akiwa amevaa sare. Nimeiona picha yake mara nyingi na kila mara macho yangu huenda kwenye cheo. Nyota 2. Cheo kilekile cha brigedia cha mwaka 1940, ambacho hakukiongeza hadi anakufa. (Jean-Bédel Bokassa, mtawala wa Jamhuri ya Afrika ya Kati, kapteni wa zamani wa jeshi hilohilo la Ufaransa na askari wa Ufaransa Huru, alijipa umarshali mwaka 1974 na taji la ufalme mwaka 1977. Amin wetu alijifanya marshali mwaka 1975.) Vijana waliokuwa wakitumikia jeshi kwa mujibu wa sheria waliisikiliza hotuba hiyo kwenye redio ndogo za betri kambini, na wengi wakakataa kuwatii makamanda walioasi. Uasi ulikufa ndani ya siku 4. Mwaka uliofuata Algeria ikawa huru, na Agosti hiyo gari la de Gaulle likamiminiwa risasi huko Petit-Clamart, yeye na mkewe Yvonne wakiwa ndani. Hawakuguswa.

Sasa tuje kwenye kiburi chenyewe. De Gaulle alikuwa na tabia ya kuitisha kura ya maoni na kuifunga na kiti chake: mkisema ndiyo nabaki, mkisema hapana naenda zangu. Hakukubali kutawala watu ambao hawamtaki. Ukiwa raia wake hilo linapendeza. Ukiwa koloni, ni jambo jingine. Septemba 1958 makoloni yaliulizwa kama yanakubali kubaki katika jumuiya moja na Ufaransa. Majirani zetu wa Komoro walisema ndiyo. Guinea ya Sékou Touré ilisema hapana kwa zaidi ya kura 95 katika kila 100, na Ufaransa ikaondoka kama mchumba aliyekataliwa: mafaili yalibebwa, simu zikang'olewa ukutani, misaada ikakatwa mara moja. Na wengi wa wale waliosema ndiyo wakapata uhuru wao mwaka 1960, huku Ikulu ya Paris ikiendelea kuwashika mkono, wakati mwingine shingo. Mwaka 1964 alipeleka askari Gabon kumrudisha madarakani Rais Léon M'ba aliyekuwa amepinduliwa. Wala sisahau kwamba ni chini ya urais wake, tarehe 17 Oktoba 1961, polisi wa Paris waliwaua Waalgeria waliokuwa wakiandamana bila silaha.

Mwaka 1969 zamu ya kukataliwa ikawa yake. Kura ya maoni ilihusu mambo makavu, mageuzi ya Seneti na madaraka ya mikoa. Mwaka mmoja nyuma wanafunzi na wafanyakazi walikuwa wameisimamisha nchi, chama chake kikashinda uchaguzi wa wabunge kwa kishindo, na angeweza kabisa kukaa kimya. Akatangaza kwamba akishindwa ataondoka. Tarehe 27 Aprili wapiga kura 52 katika kila 100 walisema hapana. Saa sita na dakika kumi usiku ilitoka taarifa ya sentensi mbili: anaacha kazi ya urais wa Jamhuri, na uamuzi unaanza leo saa sita mchana. Hakulalamikia hesabu ya kura wala hakuwashukuru watu kwa miaka 10.

Najua jibu mtakalonipa: Ufaransa ina taasisi, sisi hatuna. Lakini katiba ile aliitengeneza yeye na watu wake, tena ilimpa muhula wa miaka 7 usio na ukomo wa kurudia, na kifungu cha 16 cha kujitwalia mamlaka yote wakati wa hatari, ambacho alikitumia mwaka 1961 kwa miezi 5. Muhula wake ulikuwa uishe Januari 1973. Hakuna mstari wa katiba uliomtaka ang'atuke kwa sababu wananchi wamekataa mageuzi ya Seneti. Mahakama isingemgusa, na jeshi lilikuwa limetulia.

Pensheni ya urais aliikataa. Mei alikwenda Ireland na Yvonne, akakaa huko kampeni zote ili asiwepo mgombea wa kudai amepewa baraka zake. Alirudi tarehe 19 Juni, siku 4 baada ya Georges Pompidou kuchaguliwa kuwa rais, akaenda kijijini kwake Colombey kuandika kumbukumbu zake.