Jumla inazidi, ukaambiwa weka DISTINCT

SWALI: Habari mkuu. Nimemaliza wiki ya kwanza najifunza SQL (lugha ya kuuliza databesi), natumia MySQL (programu ya databesi), na natengeneza mfumo mdogo wa duka la dada yangu la vifaa vya ujenzi. Nina majedwali matatu: oda, bidhaa_oda na malipo. Kuna oda moja ina bidhaa tatu, mteja kalipa mara mbili, 250,000 halafu 150,000. Nikiunganisha yote kwa JOIN na kujumlisha malipo inakuja 1,200,000! Jamaa mmoja kwenye grupu la WhatsApp akanambia data zinajirudia, niandike SUM(DISTINCT kiasi), nikaandika ikaja 400,000 safi kabisa. Je wiki ijayo nianze PHP (lugha ya kutengenezea tovuti) au kuna kitu nimeruka?

JIBU: Umeruka, tena umeruka palepale wanaporuka wengi. Hii ya DISTINCT naletewa kila mara na watu wanaoanza, na kinachonikera sio wewe unayeuliza, ni huyo jamaa wa kwenye grupu ambaye majedwali yako hajayaona lakini dawa ameshaandika.

Hakuna data inayojirudia hapo mdogo wangu. Fungua jedwali la malipo peke yake, utakuta mistari miwili tu, hakuna aliyeiingiza mara tatu. Tatizo ni kwamba umeunganisha bidhaa na oda, halafu kwenye sentensi hiyohiyo ukaunganisha malipo na oda, na databesi haina namna ya kujua kwamba yale malipo hayana uhusiano na bidhaa mojamoja, kwahiyo kila bidhaa inapewa kila malipo, tatu mara mbili unapata mistari sita. Toa SUM uitazame hiyo mistari kwa macho yako, 250,000 utaiona mara tatu na 150,000 mara tatu, ndo hiyo milioni moja na laki mbili. Databesi imejibu ulichouliza, swali ndo baya.

Sasa hiyo SUM(DISTINCT kiasi) inafanya nini? Inachukua viasi vinavyofanana inabakiza kimoja. Haiangalii ni malipo ya nani wala ya siku gani, inaangalia namba tu. Wewe ilikukubali kwasababu 250,000 na 150,000 hazifanani, basi, bahati. Fanya jaribio hili leo: badilisha hayo malipo yawe 200,000 asubuhi na 200,000 jioni, halafu endesha tena. Itakuletea 200,000. Mteja kalipa laki nne, mfumo unasema kalipa laki mbili, na dada yako atampigia simu kumdai hela ambayo ameshaitoa. Kosa la kwanza angalau lilikuwa linaonekana, mtu anashtuka akiona milioni, hili la pili halishtui mtu na linaweza kukaa mwaka mzima.

Dawa yenyewe ni kujumlisha kwanza ndo uunganishe:

SELECT o.id, COALESCE(p.jumla, 0) AS amelipa
FROM oda o
LEFT JOIN (SELECT oda_id, SUM(kiasi) AS jumla
FROM malipo GROUP BY oda_id) p
ON p.oda_id = o.id;

Hapo GROUP BY inakusanya malipo ya kila oda pamoja, kila oda inarudi na mstari mmoja wa malipo, na COALESCE inaweka 0 pasipo na malipo. Ukitaka na jumla ya bidhaa unaiandalia mabano yake kwa mtindo huohuo. LEFT JOIN usiibadilishe iwe JOIN ya kawaida, maana oda za mkopo ambazo hazijalipwa hata shilingi zitapotea kwenye ripoti, na hizo ndo dada yako anazitaka kuliko zote.

Sisemi DISTINCT ni mbaya, ina kazi yake, mfano unataka orodha ya miji wanayotoka wateja na kila mji utokee mara moja. Ila mtu akiiweka kwa sababu mistari "imezidi" na hajui imezidi kwanini, huyo kafunika tu. Ndugu yake ni yule anayekwambia zima ONLY_FULL_GROUP_BY. Huo ni mpangilio wa ukaguzi, MySQL toka toleo la 5.7 imeuwasha yenyewe, ukiandika GROUP BY vibaya inagoma inakwambia safu hii haieleweki ichukue mstari upi, hiyo ni huruma inakuonea, halafu linatokea jitu linakuelekeza namna ya kuizima kwenye mipangilio ili "ifanye kazi", na kweli inafanya kazi, inachukua mstari wowote inaoutaka na wewe unapeleka ripoti kwa bosi. Wanaouza kozi za databesi kwa siku saba wanapenda sana hivi vitu kwasababu mwanafunzi anaona jibu limetoka, analipa, anaondoka, na wao hawapo siku hesabu zinapogoma kufunga.

Kuhusu PHP: anza tu, kwa masharti. Kabla ya kila JOIN jiulize upande wa pili una mstari mmoja au mingi kwa kila mstari wa huku, na uhesabu mistari kwa COUNT kabla na baada. Na usiunganishe maandishi ya mteja moja kwa moja ndani ya SQL, tumia PDO (njia ya PHP ya kuongea na databesi) na uweke alama za kuulizia (?) mahali pa maandishi hayo, maana siku ya kwanza tu dada yako akiandika mteja katoka Mang'ula ile alama ya ng' itakukatia sentensi katikati, na kuna mtu kwenye grupu atakushauri uandike Mangula.

Kingine, kama safu ya kiasi uliiweka FLOAT (inayotunza namba kwa kukadiria), ibadilishe iwe DECIMAL (inayotunza namba kamili) leoleo kabla hela halisi hazijaanza kuingia.