Amboni au Tongoni: Ushauri kwa Familia Yenye Siku Moja Tu Tanga

Wiki iliyopita dada yangu alinipigia simu kutoka Morogoro, akaniambia kwamba yeye, shemeji na watoto watafika Tanga Ijumaa jioni kwa ajili ya harusi ya Jumapili, kwa hiyo Jumamosi yote itakuwa yao na watoto wameshaahidiwa matembezi. Alitaka kujua wawapeleke wapi, Mapango ya Amboni au Magofu ya Tongoni. Wageni wengi wameniuliza jambo hilo, na kwa miaka mingi nilikuwa nikijibu kwa haraka kwamba waende kote kuwili, kwani si mbali. Safari hii nimelijibu kwa kirefu, kwa sababu ushauri huo wa kwenda kote kuwili niliwahi kuufuata mwenyewe na familia yangu, ukatuharibia siku ambayo mama yangu mzazi alikuwa ameisubiri kwa hamu.

Ni kweli kwamba si mbali. Amboni iko kiasi cha kilometa 8 kaskazini mwa mji, ukifuata barabara ya Horohoro kisha ukachepuka Kiomoni, na Tongoni iko kiasi cha kilometa 17 kusini, upande wa barabara ya Pangani. Mtu akipiga hesabu ya mafuta na muda wa gari ataona kwamba siku moja inatosha na kubaki. Kinachosahaulika katika hesabu hiyo ni kwamba mtoto anayetoka pangoni si yule aliyeingia: ameinama, ametambaa, ameogopa na kucheka kwa pamoja, nguo zimejaa vumbi, na njaa imemshika. Sisi tulianza Amboni saa tatu asubuhi, tukarudi mjini kula, chakula kikachelewa, na tulipofika Tongoni ilikuwa saa tisa kasoro, jua bado kali, mtoto wangu mdogo amelala begani kwangu na wa kati analia kiu. Mama, ambaye asubuhi nzima alikuwa amekaa nje ya pango akitusubiri kwa sababu magoti yake hayamruhusu kuinama, sasa alikuwa amechoka kwa kukaa tu. Alishuka, akasoma Fatiha kwenye kaburi la kwanza, akarudi garini. Magofu ambayo angeyafurahia kuliko sisi sote aliyaona kwa dakika kumi.

Kwa hiyo jambo la kwanza ninalolisisitiza ni kuchagua pamoja, na kuchagua kwa kumtazama yule atakayechoka mapema kuliko wote. Mara nyingi wazazi huchagua kwa kumtazama mtoto mkubwa, kwa sababu ndiye mwenye sauti na ndiye aliyesikia habari za mapango shuleni. Mtoto mkubwa hufurahi popote. Siku ya familia huharibiwa au hupona kwa hali ya mtoto wa miaka minne na ya bibi wa miaka sabini.

Nianze na Amboni, kwa kuwa ndiyo inayoulizwa zaidi. Haya ni mapango ya mawe ya chokaa, mawe yaliyojengeka chini ya bahari katika zama za Jurasi, kiasi cha miaka milioni 150 iliyopita, kisha maji yakayatafuna polepole hadi yakafanya vyumba, vichochoro na madirisha. Mapango yako kumi, lakini ni moja tu linalotumika kwa kutembeza wageni, na hilo moja linatosha kabisa. Utawala wa Waingereza uliyatangaza kuwa eneo la hifadhi mwaka 1922, na tangu mwaka 1963 yamekuwa chini ya Serikali yetu. Mtu haingii peke yake, anaingia na mwongozaji, na ninaomba wazazi waliheshimu sharti hilo hata kama wameshafika hapo mara tano, kwa sababu vichochoro vinafanana na giza la mle ndani si giza la usiku wa nyumbani. Mwongozaji wetu alituomba tuzime tochi zote kwa muda mfupi, na mwanangu wa miaka 11 alinyoosha mkono mbele ya uso wake asiuone. Mpaka leo anasimulia jambo hilo kuliko kitu kingine chochote alichokiona siku ile.

Mle ndani chokaa iliyodondoka kwa karne nyingi imefanya maumbo ambayo waongozaji huyapa majina: meli, sofa, mguu wa tembo, Mlima Kilimanjaro. Watoto hushindana kuyatambua kabla hayajatajwa, na huo ni mchezo mzuri unaowafanya wasahau hofu. Ipo pia sehemu ya mzimu, ambako watu huja kuomba na kuacha sadaka zao. Waambieni watoto kabla ya kuingia kwamba wasiguse chochote pale na wasicheke, kwa sababu anayekuja kuomba ni mtu mwenye shida yake, na adabu haitegemei kama sisi tunaamini au hatuamini. Tena kuna visa. Utasimuliwa habari za Osale Otango na mwenzake Paulo Hamisi, waliosakwa na serikali ya kikoloni katika miaka ya 1950 na ambao inaelezwa kuwa walijificha humo, na utasimuliwa habari za mbwa aliyeingia na wenyewe wakapotea, yeye akaibukia Mombasa. Kisa cha mbwa ni kitamu, ila watoto wakubwa waambieni pia kwamba wataalamu waliopima mapango haya hawakukuta hata moja lenye kufika kilometa moja. Mwanangu alipoambiwa hivyo hakuhuzunika hata kidogo. Aliuliza walipima vipi gizani, na swali hilo lilitufikisha hadi nyumbani.

Sasa nieleze upande ambao picha za mtandaoni hazionyeshi. Kuna mahali ambapo ni lazima kuinama sana, na mahali pengine mtu mzima hutambaa kwa mikono na magoti. Kuna popo, na harufu ya popo. Kuna ngazi na mawe yanayoteleza, hasa wakati wa masika, kuanzia Machi hadi Mei, ambapo hata Mto Mkulumuzi unaopita karibu hujaa. Mtoto wangu wa miaka minne alivumilia chumba cha kwanza, na katika chumba cha pili popo waliporuka alinishika shingo akaanza kulia kwa kelele ambazo ndani ya pango zinarudi mara tatu. Mke wangu alilazimika kutoka naye, jambo lililomaanisha kwamba mwongozaji arudi nao hadi mlangoni, na sisi wengine tusimame tukisubiri. Hakuna aliyekosea isipokuwa mimi niliyempeleka. Kwa maoni yangu, mtoto chini ya miaka sita hapaswi kuingizwa humo, na mtoto wa kubebwa mgongoni hapaswi kabisa, kwa sababu mzazi anayetambaa hawezi kulinda kichwa kilicho mgongoni mwake.

Kwa familia yenye watoto wa kuanzia miaka saba na watu wazima wenye magoti mazuri, basi, Amboni ndilo jibu na sioni haja ya kusita. Nendeni asubuhi, vaeni viatu vya raba vyenye kushika chini, acheni kanzu na madira nyumbani kwa saa hizo chache, na kila mtu awe na tochi yake. Tochi ya simu inasaidia, lakini ina kasoro kwamba mtoto akiidondosha mmepoteza simu na mwanga pamoja. Mkimaliza na mkiwa na nguvu, chemchemi za maji moto za Galanos zenye harufu ya kiberiti haziko mbali na hapo, na wapo wanaozifuata kwa kuamini kwamba zinatibu ngozi. Mimi ningewapeleka watoto Raskazone wakaoge baharini, vumbi liwatoke.

Tongoni inahitaji kuelezwa kwa namna nyingine, kwa sababu anayekwenda akitarajia kitu cha kumshtua atarudi akisema ameona mawe. Ni magofu ya msikiti na makaburi yapatayo arubaini, kutoka mji wa Waswahili uliostawi hasa katika karne ya 15, yaliyojengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa. Zaidi ya ishirini kati ya makaburi hayo ni ya nguzo, na hakuna mahali pengine katika pwani yetu ya Afrika Mashariki palipokusanya makaburi ya nguzo mengi kiasi hicho. Nguzo nyingi zimeanguka, na vipande vyake vimelala ardhini. Kwenye nguzo na kuta za makaburi palipachikwa mabakuli ya kauri kutoka China, na ingawa mabakuli yenyewe yameondoka, vishimo vya mviringo vilivyoyashika vinaonekana.

Mara ya pili tulikwenda Tongoni peke yake, tukafika saa moja na nusu asubuhi, na siku hiyo ndiyo iliyonibadilisha mawazo. Mama alitembea taratibu kwa mkongojo wake, akasimama mbele ya kibla ya msikiti, akawaeleza wajukuu zake kwa nini ukuta ule unatazama upande ule na imamu alikuwa akisimama wapi. Mtoto wangu wa miaka saba alimwuliza, "Bibi, hawa waliozikwa hapa ni wazee wetu?" Mama akamjibu, "Ni wazee wa pwani hii, mjukuu wangu, na wewe ni wa pwani hii." Yule wa miaka minne, ambaye pangoni alitutoa jasho, alikwenda akitafuta vishimo vya mabakuli akivihesabu, akipoteza hesabu na kuanza upya, na kwa karibu saa nzima hakuomba kubebwa. Mimi mwenyewe, niliyezaliwa mkoa huu, nilikuwa sijawahi kukaa pale kwa utulivu namna hiyo.

Mkubwa ndiye niliyemhofia kwamba atachoka, ikabidi nimwandalie kisa mapema, na ninawashauri wazazi wafanye vivyo hivyo. Nilimweleza kwamba mwezi Aprili mwaka 1498 merikebu ya São Rafael, mojawapo ya zile za Vasco da Gama, ilikwama kwenye mafungu ya eneo hili la Mtang'ata, na kwamba walipopita tena mwaka 1499 wakirudi kwao waliichoma moto wenyewe, kwa kuwa mabaharia wengi walikuwa wamekufa kwa maradhi na waliobaki hawakutosha kuendesha merikebu zote. Jina la Vasco da Gama alilijua kutoka kitabu cha historia, ila hakuwahi kufikiri kwamba habari yenyewe ilitokea kwenye maji anayoyaona. Alikwenda akasimama upande wa bahari, akaitazama ile mikoko kwa muda mrefu.

Tongoni nayo ina masharti yake. La kwanza ni jua: magofu yako wazi, na baada ya saa nne asubuhi joto la mawe yale ni kali kwa mzee na kwa mtoto. Nendeni mapema, au subirini baada ya saa kumi alasiri. La pili ni kwamba pale ni makaburini. Mtoto asipande juu ya nguzo iliyolala, asing'oe jiwe, wala asiokote kipande cha kauri akakitia mfukoni, hata kama ni kidogo kama kucha, na wote mvae mavazi ya kusitiri. Maji na chakula mbebe wenyewe; sisi tulibeba mahamri na mbaazi kwenye chombo cha kutunza joto, tukatandika mkeka kivulini pembeni, mbali na makaburi. Pwani ile ni ya mikoko, kwa hiyo msiwaahidi watoto kuogelea.

Kuhusu gharama sitasema mengi, kwa kuwa viingilio hubadilika na Mtanzania halipi sawa na mgeni kutoka nje. Bebeni vitambulisho na muulize kabla ya kuondoka nyumbani. Usafiri kwa familia ya watu sita au zaidi ni afadhali kukodi gari dogo kwa nusu siku, na mpatane bei ya kwenda, kusubiri na kurudi kabla hamjapanda. Niliwahi kupatana bei ya kwenda tu, na dereva alipotuona tumetoka na watoto waliochoka, bei ya kurudi ikapanda mara mbili.

Dada yangu ana watoto wawili, mmoja wa miaka tisa na mwingine wa miaka mitatu, na shangazi yetu mzee anakuja nao. Nimemwambia waende Tongoni asubuhi, watoke saa kumi na mbili na nusu, wawe wamerudi mjini kabla ya saa tano, wamlaze mdogo na wampumzishe shangazi. Yule wa miaka tisa aliposikia hivyo alichukua simu kwa mama yake akanililia kwamba yeye alitaka pango. Nimemwahidi kwamba Jumatatu asubuhi, kabla hawajapanda basi, mimi na yeye tutakwenda Amboni wawili tu, na nimeshamnunulia tochi yake.