Tuulize: Wiki ya huduma ilipovurugika

SWALI: Bwana Yesu asifiwe. Mimi ni kijana wa miaka 22 kutoka Dodoma. Nimepangiwa kujitolea mwaka mmoja kama mmisionari kwenye mtaa wa usharika mmoja, huku migombani juu ya Moshi. Wiki yangu ya tatu imenivunja moyo. Jumanne nilipita nyumba 12, wenyewe niliwakuta watatu. Jumatano na Alhamisi nilimkandikia bibi mmoja ukuta wa jiko. Ijumaa asubuhi upande mzima ulikuwa chini. Jumamosi hela ya chakula ikaisha, tukakwaruzana na mwenzangu. Je, haya ndiyo majaribu ya kumkuza mtumishi, au sikuitwa?
Mmisionari, Moshi Vijijini

JIBU: Amina, ndugu yetu. Wiki ya tatu haitoshi kumpima mtu wito wake. Ila kabla hujayaita yote hayo majaribu, yachambue. Kuna jambo linalokupata ukiwa umefanya kila kitu sawasawa, na kuna linalokupata kwa sababu ratiba ilikuwa mbaya au udongo haujaiva. Hili la pili dawa yake ni mikono. Ukiliombea bila kulirekebisha, Jumanne ijayo litakusubiri mlangoni. Waraka wa Yakobo unasema kujaribiwa kwa imani huleta saburi. Saburi hiyo si kurudia kosa lile lile huku umeuma meno.

Tuanze na nyumba. Huko juu, asubuhi mwenye nyumba yuko kwenye majani ya ng'ombe, au sokoni, na siku za soko hutofautiana kijiji hadi kijiji. Mvua za masika zikianza, wengi huteremka kulima mahindi na maharage mashamba ya tambarare na kurudi jioni. Pita kati ya saa kumi na saa kumi na mbili jioni. Nyumba tatu kwa siku zinatosha: nusu saa kila moja, na mwendo wa kupanda na kushuka katikati. Peleka taarifa siku moja kabla, na mara ya kwanza nenda na mzee wa kanisa wa eneo hilo. Kichaga cha Machame si cha Rombo, na salamu ya kwanza ikitoka kinywani mwa mwenyeji, mgeni hupokewa kirahisi.

Jambo la kuongozana na nani ni zito kuliko linavyoonekana. Oktoba 1896, huko Akeri, Meru, wamisionari wawili vijana wa shirika la misioni la Leipzig, Ujerumani, Ewald Ovir na Karl Segebrock, waliuawa wakiwa wamefika tu kutafuta mahali pa kuanzia kazi. Kikosi cha Wajerumani kilikuwa kimepiga kambi jirani, na wenyeji hawakuwa na sababu ya kuwatofautisha Wazungu hawa na wale wenye bunduki. Kisasi kilichofuata kiliwaumiza sana Wameru na Waarusha. Kwa hiyo usifike nyumbani kwa mtu ukiwa nyuma ya mgombea wa uchaguzi, wala na mtu anayekusanya madeni, hata kama amekupa lifti tu. Utasalimiwa vizuri, lakini neno lako halitasikika.

Sasa ukuta. Hapa tutakaa kidogo, kwa sababu bibi bado hana jiko. Udongo wa kukandika unatakiwa kuwa mfinyanzi wenye kichanga kiasi. Ponda, changanya na majani makavu yaliyokatwa urefu wa shubiri, mwagia maji, funika, ulale usiku mzima. Asubuhi ukanyage kwa miguu mpaka usiachie vidonge. Kisha upime: finyanga donge la ukubwa wa chungwa, liachie kutoka usawa wa kiuno. Likisambaratika, udongo ni mkavu au una mchanga mwingi. Likitandazika kama kinyesi cha ng'ombe, maji yamezidi. Likibonyea kidogo na kubaki zima, anza kazi.

Kagua fito kwanza. Kamba iliyooza ikatwe na kufungwa upya, maana udongo mzito huvuta fito na ukuta hushuka nao. Lowesha fito. Rusha udongo kwa nguvu, usiubandike kwa upole, ili upenye na kushikana na wa upande wa pili. Panda kama sentimita 50 kwa siku kuzunguka jiko zima, kisha acha ushike. Inaelekea wewe ulijaza ukuta mzima kwa siku mbili, udongo ukiwa mbichi, na uzito wa juu ukasukuma wa chini. Nyufa zitakazotokea zisikutishe, ni kawaida: ukishakauka, lowesha tena na usiribe kwa udongo laini uliochanganywa na samadi na majivu. Na angalia paa. Bati lisipopitiliza ukuta kwa angalau sentimita 50, mvua ya kwanza itakula chini na utakandika tena mwakani. Masika yakikaribia, tengeneza paa na mfereji kwanza, ukuta usubiri.

Bibi mwambie waziwazi kwamba ulikosea kipimo, na mpe siku ya kurudi. Usimpe maelezo marefu. Pengine yeye mwenyewe amekandika kuta nyingi maishani mwake. Mwombe akae kwenye kiti akuelekeze.

Hela: Jumatatu mkae wote wawili, mhesabu, mgawe bahasha tatu, yaani chakula, nauli na dharura. Chakula kikavu mnunue siku hiyo hiyo. Vijana wawili wanaofanya kazi za mikono watahitaji kwa wiki kama kilo 4 za unga, kilo 2 za mchele, kilo moja na nusu ya maharage na nusu lita ya mafuta. Kinachobaki ni cha mboga. Maharage yaloweke usiku, yatakula mkaa kidogo. Wapishi wengi wa zamu hugombana kwa sababu mmoja ndiye anayeshika hela na mwingine anakisia.

Kila jioni andika mistari mitatu: kilichotokea, ulichofanya, utakachobadilisha kesho. Baada ya wiki tatu isome yote. Kinachojirudia ni cha kurekebisha. Kinachobaki, kama upweke, au mtu uliyemtumikia kwa moyo akakusema vibaya, hicho ndicho cha kupeleka kwenye maombi na kwa mchungaji wako. Usingizi ukikupotea wiki mbili mfululizo, au chakula kikakushinda na hutaki kuona watu, nenda pia zahanati. Huko si kukosa imani.

SWALI: Sisi ni vijana wa kwaya, wiki yetu ya huduma tuliifanya vijiji vya karibu na Usa River. Tulifundisha kuchemsha maji ya kunywa. Mama mmoja akasema anachemsha miaka yote na watoto wake bado wana meno ya kahawia. Tulikosa jibu.
Kwaya ya Vijana, Arusha

JIBU: Mama yuko sahihi. Kuchemsha huua vijidudu, lakini madoa yale yanatokana na madini ya floridi yaliyomo kwenye miamba ya Mlima Meru. Floridi haiondoki kwa moto. Maji yakipungua sufuriani, yenyewe huzidi kukolea. Kiwango cha Shirika la Afya Duniani ni miligramu 1.5 kwa lita, na vyanzo vingi vya upande huo vimezidi hapo. Meno huharibika yanapojengeka, kabla ya mtoto kufika kama miaka 8, hivyo maji mazuri wapewe kwanza wadogo.

Msaada wa uhakika ni mvua. Paa la mita za mraba 30 likipata milimita 10 hukusanya karibu lita 240, baada ya kumwaga maji ya mwanzo yanayoosha vumbi. Familia ya watu 6 ikitumia lita 30 kwa siku kwa kunywa na kupikia tu, tangi la lita 1,000 linafika mwezi. Maji hayo bado yachemshwe. Chujio la mkaa wa mifupa linafanya kazi, na kituo cha utafiti cha Ngurdoto kinashughulika nalo, ila mifupa isiyoungua vizuri hutoa harufu, na mkaa ukishajaa floridi hauchuji tena hata kama maji ni maangavu. Lazima ubadilishwe.

Mkirudi, mwulizeni mama kama makande anayalainisha kwa magadi. Magadi ya huku kaskazini nayo yana floridi nyingi. Mahindi na maharage yakilowekwa tangu jana yake, yataiva bila magadi.