Posho ya PhD ya uchumi Marekani inatosha, tatizo ni kalenda yake

Ndugu, umeuliza kama dola 30,000 kwa mwaka zinamtosha mtu anayetoka Nairobi kwenda kusoma PhD ya uchumi Marekani, mji wa kati, chumba cha dola 800 katika nyumba ya kushirikiana, ada imesamehewa, kuripoti Agosti. Waliotangulia kukujibu wamegawanyika: nusu wanasema utaishi kama mfalme, nusu wanasema utalala njaa. Zinatosha. Ila kuna jambo moja hukulitaja, nalo ndilo linaloamua kila kitu: barua yako inasema unalipwa miezi 9 au 12?

Mikataba mingi ya idara za uchumi ni ya miezi 9, Septemba hadi Mei. Hapo utaona dola 3,333 kwa mwezi, ujisikie tajiri, kisha Juni, Julai na Agosti hakuna kitu. Kwa hiyo piga hesabu tangu siku ya kwanza. Kodi ya serikali kuu kwa viwango vya 2025 ni karibu dola 3,360 kwa mwaka mzima wa malipo (kodi ya jimbo ni juu yake, na majimbo kama Texas hayana). Zinabaki 26,640, yaani 2,220 kwa mwezi ukigawanya kwa 12. Mkononi utapokea kama 2,960 kwa kila mwezi wa malipo, hivyo kila mwezi weka kando 740. Ziweke kwenye akaunti ya akiba isiyo na kadi. Ukizoea kuishi kwa 2,960, Juni itakukuta mtupu, na Juni ndiyo mwezi wa mitihani ya kufuzu, ile inayoamua kama unaendelea na PhD, katika idara nyingi. Mtu anayetafuta pesa ya pango huku anarudia maikro (uchumi wa mtu na kampuni mojamoja) ya mwaka mzima hafanyi lolote kati ya hayo mawili vizuri.

Pengo la pili liko mwanzoni. Unafika katikati ya Agosti kwa kambi ya hisabati, yaani wiki za marudio kabla ya masomo, na malipo ya kwanza mara nyingi huingia mwisho wa Septemba. Kabla ya hapo utadaiwa pango la kuingilia, dipoziti ya mwezi mmoja, pango la Septemba, chakula, godoro, sufuria. Kwa chumba chako cha 800 hiyo ni 2,400 kabla hujanunua hata chumvi. Beba dola 3,000. Kama huna, mwandikie mratibu wa wanafunzi wa uzamili mwezi Juni, kabla hujasafiri, uulize mambo mawili: kama kuna malipo ya awali au mkopo mdogo wa dharura kwa wanaoanza, na kama michango ya chuo inaweza kukatwa kidogo kidogo kwenye posho. Hiyo michango ndiyo huwashtua wengi. Msamaha wa ada ni wa ada tu. Kuna malipo ya huduma za chuo, ya wanafunzi wa kigeni, na wakati mwingine sehemu ya bima, na yanaweza kufika mamia ya dola kwa muhula.

Wenye nyumba watakuomba historia ya mikopo, nawe huna. Usipoteze muda kubishana; tafuta nyumba ambayo wanafunzi wa idara yako wanapokezana, au nyumba za chuo. Ukifika fungua akaunti ya benki kwa pasipoti na I-20, ile hati ya chuo unayoombea viza ya mwanafunzi (benki nyingi zilizo karibu na vyuo hazidai namba ya hifadhi ya jamii, Social Security). Baadaye chukua kadi ya mkopo ya dhamana, ile unayoweka dola 200 zako mwenyewe. Nunulia mboga, lipa deni lote kila mwezi. Mwaka mmoja wa hivyo na mwenye nyumba anayefuata hatakusumbua.

Namba ya hifadhi ya jamii yenyewe: subiri kama siku 10 baada ya kuingia nchini na baada ya ofisi ya wanafunzi wa kigeni kuthibitisha kwamba umeripoti, kisha nenda na pasipoti, I-20, chapisho la I-94 (rekodi ya kuingia kwako nchini), barua ya idara inayokuajiri na barua ya ofisi hiyo. Ukienda siku ya tatu, jina lako halijafika kwenye mfumo, utarudishwa.

Mambo ya afya yamalize nyumbani. Meno na miwani fanya Nairobi, kwa sababu bima ya wanafunzi mara nyingi haigusi meno. Beba cheti cha chanjo kinachoonyesha dozi 2 za surua, matumbwitumbwi na rubela, la sivyo usajili wako unaweza kuzuiwa. Na kwa kuwa unatoka Afrika Mashariki utapimwa kifua kikuu. Omba kipimo cha damu. Kile cha sindano ya ngozi mara nyingine huvimba kwa waliochanjwa BCG, chanjo ya kifua kikuu, utotoni, halafu unaanza safari ya picha za kifua bila ugonjwa wowote.

Sasa kodi, na hapa nitakaa kidogo. Mwenye F-1, yaani viza ya mwanafunzi, anahesabiwa si mkazi kwa kodi kwa miaka 5 ya kalenda, na mwaka unahesabika wote hata ukiingia Desemba 30. Katika miaka hiyo unajaza fomu 1040-NR (ya kodi ya wasio wakazi) pamoja na 8843 (ya kueleza siku ulizokaa nchini), mwisho Aprili 15. Hata kama hukupata senti, 8843 inatakiwa. Usitumie programu za kodi zinazotangazwa kwenye televisheni. Nyingi hutoa fomu 1040 ya wakazi, zinakupa punguzo la kawaida na nafuu ya elimu ambavyo si haki yako, unafurahia marejesho makubwa, kisha unalazimika kusahihisha kwa fomu ya marekebisho, 1040-X, na kurudisha pesa. Vyuo vingi hulipia programu maalumu ya wasio wakazi; omba msimbo wake Februari.

Marekani haina mkataba wa kodi ya mapato na Kenya, wala Tanzania, wala Uganda. Ndiyo maana mwenzako Mchina au Mhindi, posho ile ile, atalipa kidogo kuliko wewe. Mikataba yao inawapa nafuu. Usinakili fomu yake.

Angalia pia posho yako imeitwa nini. Ikiwa ni ya usaidizi wa kufundisha au utafiti, ni mshahara, na utapewa W-2, fomu ya mshahara na kodi iliyokatwa, mwisho wa Januari. Ikiwa ni ufadhili usio na kazi, chuo hukata 14% ya pesa ya kujikimu na kukupa 1042-S, fomu ya malipo kwa wageni, kufikia katikati ya Machi. Kwa dola 30,000 hiyo ni 4,200, wakati kodi yako halisi ni kama 3,360, kwa hiyo unarudishiwa karibu 840 ukijaza. Asiyejaza anaziacha. Na kama ni mshahara, hakikisha hukatwi ile 7.65% ya hifadhi ya jamii na Medicare (bima ya afya ya wazee). Mwanafunzi wa F-1 asiye mkazi hadaiwi. Ofisi ya mishahara hukosea hapa mara kwa mara, na kurekebisha mwezi wa kwanza ni barua pepe moja.

Masomo yenyewe: maikro, makro, ekonometriki, kila moja na mazoezi yake kila wiki au mbili. Waliosoma uzamili kwetu huja na mazoea mazuri ya data na rigresheni, lakini mwaka wa kwanza hakuna anayeyahitaji sana. Kinachopimwa ni uthibitisho wa kihisabati. Kabla ya Agosti uwe unaweza kuandika uthibitisho wa epsiloni na delta bila kutazama, masharti ya Kuhn-Tucker (ya kutafuta kilicho bora chini ya vikwazo) ujue yanatoka wapi, na mlinganyo wa Bellman (wa maamuzi ya hatua kwa hatua) usikutishe. Kundi la watu 3 au 4 linatosha. Kila mmoja ahangaike peke yake siku nzima kwanza, ndipo mkutane. Makundi hufa pale yanapoanza kunakili majibu ya miaka iliyopita: alama za mazoezi zinakuwa nzuri, halafu mtihani wa saa nne bila kitabu unamwumbua kila mtu. Mitihani ya zamani ya kufuzu waombe wa mwaka wa pili mapema, Januari, na uifanye kwa saa ya ukutani. Idara nyingi hutoa nafasi ya pili Agosti. Ukishindwa zote mbili unaondoka na shahada ya uzamili.

Kwa ratiba hiyo hupiki kila siku. Jumapili pika sufuria ya maharage kwenye presha kuka, wali, na mboga ya siku tatu. Sukuma wiki ipo kila mahali, huko inaitwa collard greens, ni majani yale yale ila magumu zaidi, kata nyembamba. Unga ndio mtihani. Ule wa maduka ya Wamexiko, masa harina, umetokana na mahindi yaliyochemshwa kwa chokaa, ugali wake hunuka chapati za mahindi na haushiki. Unga wa njano wa supamaketi ni wa chengachenga. Tafuta unga mweupe laini kwenye duka la Waafrika, nunua kilo 10, gandisha nusu ili wadudu wasiingie. Choroko, dengu, iliki na binzari ni duka la Wahindi, kwa bei ambayo supamaketi haiwezi kuifikia.

Kuhusu kazi za pembeni: ndani ya chuo tu, saa 20 kwa wiki muhula ukiendelea, na usaidizi wako wa kufundisha huenda umeshazimaliza zote. Kuendesha teksi za simu kunakuvunjia hadhi ya viza. Jamaa nyumbani watasikia dola, wataomba. Kiasi cha kutuma kiamue Septemba, kiwe kimoja kila mwezi, na linganisha programu za kutuma kwa shilingi zinazofika kwenye M-Pesa, maana wasiotoza ada mara nyingi hula kwenye kiwango cha kubadilishia.

Jambo la mwisho ni dogo, dakika mbili. Fungua I-20 yako utazame msimbo wa programu ya masomo. Ukisomeka 45.0603, ekonometriki na uchumi wa kiidadi, ukimaliza utakuwa na ruhusa ya kazi ya miezi 12 na unaweza kuongezewa 24. Ukisomeka 45.0601, uchumi wa jumla, ni 12 tu. Masomo yanaweza kuwa yale yale kabisa. Idara nyingi zimeshahamia 45.0603, lakini I-20 za zamani au zilizotolewa kwa haraka hubaki na 45.0601. Kama wako ni 45.0601, muulize mratibu wiki hii kama idara imesajili huo mwingine.