Maswali ya Wasomaji: Mafumbo ya Muziki wa Klasiki

Swali (msomaji, Mji wa Kale): Mwalimu, shikamoo. Kila Alhamisi baada ya swala ya isha, mimi na wenzangu hukaa barazani tukafumbiana mafumbo kuhusu watunzi wa muziki wa klasiki wa Ulaya. Wiki iliyopita mmoja wetu alileta haya:

*Jina la herufi nne, hushuka kisha hupanda,*
*Likashuka tulione, na mjenzi akakwenda.*

Mwenzetu anayefundisha kwaya alijaribu kwa do-re-mi, asifike popote. Mpiga fidla wetu wa taarab anashikilia kwamba jawabu ni Bach, lakini ameshindwa kutuonyesha kwa nini. Tumwamini?

Jibu: Marahaba. Mwaminini, ila mdaini ushahidi, kwa kuwa fumbo lililotungwa vizuri hubeba ushahidi wake ndani ya maneno yake, na hili ni mojawapo.

Wajerumani huita H ile noti ambayo Waingereza huiita B, na herufi B wao huiweka kwa noti iliyo nusu hatua chini yake, yaani B flati. Kwa hiyo jina la Bach laweza kupigwa lote, herufi kwa herufi. Tafuteni kinanda, mbonyeze kibao cheusi kilicho kushoto mwa B, kisha kile cheupe cha A kinachopakana nacho upande wa kushoto, mruke kulia hadi C, na mwisho mrudi kushoto nusu hatua hadi B, ile H ya Wajerumani. Mtasikia sauti ikishuka, ikipanda, kisha ikishuka tena, kama ubeti unavyosema. Mwalimu wa kwaya hakukosa ujuzi. Katika do-re-mi ya kwaya zetu, do huhama kila ufunguo unapobadilika, kwa hiyo jina lililofichwa katika herufi halionekani kabisa kwa njia hiyo.

Mjenzi ni Johann Sebastian Bach mwenyewe, aliyefariki Julai 1750. Katika mkusanyiko wake wa fyuga, yaani tungo ambamo wazo moja huingia kwa sauti moja, likafuatwa na sauti nyingine zinazolikimbiza, fyuga ya mwisho inaingiza noti hizo nne, kisha muda mfupi baadaye inakatika ghafla bila kukamilika. Mwanawe, Carl Philipp Emanuel, aliandika kwamba baba yake alifariki akiwa kwenye fyuga hiyo. Wachunguzi wa leo wanalitilia shaka hilo kwa kuutazama mwandiko, lakini fumbo limesimama juu ya simulizi hiyo na sioni ubaya wake.

Kuna jambo moja zaidi ambalo baraza lenu linapaswa kulizoea, nalo ni kuwajaribu watu wengine wanaoweza kuwa jawabu kabla ya kupiga makofi. Dmitri Shostakovich, mtunzi wa Urusi, naye alijitia sahihi kwa noti nne, D, E flati, C na B, ambazo kwa majina ya Kijerumani husomeka D, S, C, H. Chelo, yaani fidla kubwa ya sauti nzito, inazipiga mwanzoni kabisa mwa kwarteti yake (utungo wa wapigaji wanne) ya nane ya mwaka 1960. Mtu mwepesi angemtaja yeye. Lakini noti zake hupanda kwanza, kisha hushuka mara mbili, na mwenyewe aliishi miaka 15 baada ya kwarteti hiyo. Neno moja tu la ubeti, "hushuka", limemtoa. Hapa Mombasa, mji wa mshairi Muyaka bin Haji, ambako washairi walijibizana kwa mafumbo, ningetarajia kila neno lipimwe hivyo.

Swali (msomaji, Likoni): Asalaam aleikum Mwalimu. Nilifumbiwa hivi: "Alikuwa wa tano, akawa wa tisa, wala hakuongezewa hata noti moja, alitungwa ng'ambo ya bahari kwa kukumbuka nyumbani." Nilipoambiwa ni simfoni, yaani utungo mrefu wa okestra, ya Dvořák niliona nimedhulumiwa.

Jibu: Aleikum salaam. Hukudhulumiwa, ndugu yangu. Antonín Dvořák, mtunzi Mcheki, alitunga simfoni tisa, lakini nne za mwanzo hazikuchapishwa alipokuwa hai, na wachapishaji walihesabu zile walizotoa tu. Simfoni yake ya "Ulimwengu Mpya", iliyopigwa kwa mara ya kwanza New York mnamo Desemba 1893, ikaitwa ya tano kwa miaka mingi mpaka zile za awali zilipoingizwa katika hesabu. Ukikutana na nambari katika fumbo, jiulize aliyehesabu ni nani, na alihesabu lini.

Swali (mwanafunzi, Kisauni): Shikamoo Mwalimu. Nataka kuwaletea wenzangu fumbo la Elgar. Je, linafaa kushindaniwa?

Jibu: Marahaba, mwanangu. Edward Elgar alitoa mwaka 1899 utungo wa okestra wenye sehemu 14, kila moja ikimchora mtu wa karibu naye au yeye mwenyewe, akasema kwamba kuna wazo lingine kubwa linalopita juu ya utungo wote bila kupigwa. Alifariki mwaka 1934 bila kulitaja. Usilete hilo kwenye mashindano, kwa maana hakuna awezaye kuamua nani amepata, na jioni yenu itaishia kwenye mabishano. Leta sehemu ya 11. Juu yake zimeandikwa herufi za jina la mpiga kinanda wa kanisa kuu la Hereford, ilhali anayesikika ni mbwa wake, Dan: anaporomoka ukingoni mwa mto Wye, anaogelea dhidi ya mkondo akitafuta pa kutokea, kisha anabweka anapofika nchi kavu, na yote hayo hutimia katika vipimo (bars) vitano vya mwanzo vya muziki. Wafumbie hivi: "Jina la bwana, safari ya mtumishi." Kisha wapigie muziki wenyewe, uwaache wamtafute mbwa kwa masikio.